Baiskeli, Upepo na Magofu

Tarehe 12 Juni 1817, Karl Drais, aliyekuwa ofisa wa misitu katika jimbo la Baden, Ujerumani, alitoka mjini Mannheim akiwa amepanda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Chombo hicho hakikuwa na pedali wala mnyororo. Mwendeshaji alikisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu yake, mguu mmoja baada ya mwingine. Drais alifika katika kituo cha kubadilishia farasi kwenye barabara ya Schwetzingen, akageuza, akarudi mjini kabla saa moja haijatimia. Katika habari hii liko jambo ambalo halina budi kuzingatiwa. Barabara aliyoichagua ilikuwa tambarare na imetengenezwa vizuri.

Barabara nyingi za wakati huo zilikuwa zimechimbika kwa magurudumu ya magari ya farasi. Kwa sababu hiyo waendeshaji wa chombo kipya walihamia kwenye njia za waenda kwa miguu, na kabla mwaka haujaisha wakuu wa mji wa Mannheim wakawapiga marufuku wasipite huko. Hivyo basi, swali la mahali panapoistahili baiskeli lina umri mmoja na baiskeli yenyewe. Barabarani baiskeli huonewa na vyombo vikubwa kuliko yenyewe. Kwenye njia ya miguu, yenyewe ndiyo huonea wengine. Katika nchi nyingi swali hilo halijajibiwa hadi leo, na gharama ya kutolijibu hulipwa kwa maisha ya watu.

Hoja ya makala haya ni kwamba nchi yenye tambarare, na hasa tambarare yenye mabaki ya historia, inayo mali ambayo haijawekwa katika hesabu zake. Njia ya baiskeli isiyopitiwa na magari, ikipita katika tambarare hiyo, si anasa wala mchezo wa watalii. Ni chombo cha usafiri, cha afya na cha elimu kwa pamoja, na inafaa ipewe nafasi katika mipango ya barabara kama vile shule inavyopewa nafasi katika mipango ya kijiji.

Hesabu ya Mwendo

Mwalimu wa fizikia anayetaka kueleza ubora wa tambarare hahitaji maabara. Na achukuliwe mwanafunzi ambaye tungamo lake pamoja na baiskeli ni kilo 80, naye anakwenda kilomita 18 kwa saa, yaani meta 5 kila sekunde. Kwenye lami isiyo na mwinuko, hewa ikiwa imetulia, mambo mawili humzuia. La kwanza ni ukinzani wa hewa, ambao kwa mtu aliyeketi wima ni kani ya nyutoni 9 hivi. La pili ni ukinzani wa matairi, ambayo hubonyea na kuinuka tena kila yanapoviringika. Huo ni nyutoni 4 hivi. Jumla ni nyutoni 13. Zikizidishwa kwa meta 5 kila sekunde, jibu ni wati 65. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya kazi ya kiasi hicho kwa saa kadhaa.

Sasa barabara na iinuke meta 1 tu kwa kila meta 100. Jicho la mpita njia huenda lisiutambue mwinuko huo, lakini miguu huutambua mara moja. Mvutano wa dunia huongeza nyutoni 8 hivi, na kazi hupanda kutoka wati 65 hadi wati 105. Mwinuko ukifika meta 3 kwa kila meta 100, wati zinazohitajika huzidi 180. Kwenye mchanga tifutifu nako, ukinzani wa matairi unaweza kuongezeka mara kumi hata mwendeshaji akalazimika kushuka na kuikokota baiskeli yake. Kwa ufupi, ardhi tambarare na iliyoshindiliwa vizuri humpa mwanadamu bure kile ambacho mlima na mchanga humnyang'anya.

Mwaka 1973 S. S. Wilson, wa Chuo Kikuu cha Oxford, alieleza katika jarida la Scientific American kwamba mtu aliyepanda baiskeli hutumia yapata sehemu moja ya tano tu ya nishati ambayo angeitumia kutembea umbali ule ule. Katika ulinganisho wake wa wanyama na mashine mbalimbali, hakuna aliyemshinda mwendesha baiskeli kwa kutumia nishati kidogo kusafirisha kila kilo kwa kila kilomita. Maana yake ni kwamba mtu aliyepewa baiskeli na njia nzuri amepanuliwa nchi yake. Kisima, soko, shule na gofu la kale vilivyokuwa mbali vimekuwa karibu, na hakuna tone la mafuta lililochomwa.

Hata hivyo tambarare si rahisi kila siku. Pasipo na kilima, upepo huchukua nafasi yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi ambayo hewa hukutana nayo na mwili. Yule mwanafunzi wa meta 5 kila sekunde akikabiliwa na upepo wa kasi hiyo hiyo usoni, hewa humjia kwa meta 10 kila sekunde, na ukinzani wake huwa mara nne, yaani nyutoni 36. Jumla hufika nyutoni 40, na kazi hufika wati 200, ambayo ni zaidi ya ule mwinuko wa meta 3. Akirudi kwa njia ile ile na upepo ule ule umo mgongoni, ukinzani wa hewa hutoweka na wati 20 humtosha. Ni njia ile ile na mtu yule yule, lakini kazi imetofautiana mara kumi.

Somo la Kinderdijk

Nchi ambayo imeyaonja sana mambo haya ni Uholanzi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni tambarare iliyo chini ya usawa wa bahari, iliyopatikana kwa kuzungushia maji kingo za udongo na kisha kuyateka. Bonde la Beemster, kaskazini ya Amsterdam, lilikaushwa mwaka 1612 kwa kutumia vinu vya upepo. Barabara zake na mifereji yake vimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kinderdijk, karibu na mji wa Rotterdam, vimesimama vinu 19, vingi vyao vikiwa vimejengwa baina ya mwaka 1738 na 1740. Vinu hivyo havikuwa vya kusaga nafaka kama watu wengi wanavyodhani wakiona picha zake. Kazi yake ilikuwa kuinua maji kutoka mashamba ya chini na kuyamwaga mtoni. Kinderdijk iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997, na Beemster mwaka 1999.

Katikati ya vinu vya Kinderdijk inapita njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Mtu anayepita hapo upepo ukimpiga usoni huelewa kwa magoti yake jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Upepo unaomchelewesha ndio uliokausha nchi. Uwezo wa upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, uwezo huongezeka mara nane. Waholanzi wa karne ya 17 na 18 hawakuwa na makaa ya mawe milimani, kwa kuwa hata milima hawakuwa nayo. Walikuwa na tambarare, na juu ya tambarare ulikuwapo upepo usiozuiwa na kitu. Wakautumia.

Somo kama hili halifunziki vema kutoka ndani ya motokaa. Aliyefunga vioo na kwenda kilomita 80 kwa saa havisikii vinu vikizunguka, wala hajui upepo unatoka upande gani. Wala halifunziki pembeni mwa barabara kuu, ambako akili yote ya mwendesha baiskeli imo katika kusikiliza lori linalokuja nyuma yake. Ili mtu aione nchi, lazima kwanza asiogope kufa. Utulivu wa njia ni sharti la elimu, kama ulivyo utulivu wa darasa.

Hatari Inavyopimika

Hofu hiyo si ya kuwazia, nayo pia inaweza kupimwa. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Mwanafunzi wetu wa mfano, pamoja na baiskeli yake, ana jouli 1,000. Motokaa ya kilo 1,000 inayokwenda kilomita 80 kwa saa ina jouli karibu 247,000. Lori la tani 10 kwa mwendo huo lina jouli zaidi ya milioni 2. Kuviweka vyombo hivi katika ukanda mmoja wa lami na kisha kumwambia mtoto awe mwangalifu ni kumtwisha mtoto mzigo wa sheria za asili. Uangalifu ni mwema, lakini haupunguzi jouli.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa wala janga linaloua zaidi ya ajali hizo. Huo ndio umri wa wanafunzi.

Wapo wanaodhani kwamba Waholanzi walizaliwa na njia zao za baiskeli. Historia inakanusha. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliongezeka upesi, baiskeli zikasukumwa pembeni, na miji ikaanza kubomolewa ili barabara zipanuliwe. Mwaka 1971 pekee watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliungana na kuanzisha harakati ambazo jina lake lilikuwa na maana ya kukomesha mauaji ya watoto. Mwishoni mwa mwaka 1973 mafuta yaliadimika, na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Watu wakaziona barabara zao zikiwa kimya, wakapanda baiskeli tena. Siasa ya barabara ikaanza kubadilika. Leo nchi hiyo ina njia za baiskeli za makumi ya maelfu ya kilomita, na vifo vya barabarani kwa mwaka viko chini ya 800 ingawa watu na magari vimeongezeka sana. Miongoni mwa wanaokufa waendesha baiskeli bado ni wengi, hasa wazee, kwa hiyo kazi haijaisha. Lakini linaloonekana wazi ni kwamba tambarare peke yake haikuwaokoa watoto wa Uholanzi. Kilichowaokoa ni uamuzi.

Kusi na Kaskazi

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina tambarare yake, upepo wake na magofu yake. Kama vinu vya Kinderdijk vilivyosimamishwa na upepo, ndivyo ilivyostawishwa miji ya kale ya Waswahili. Kaskazi, ivumayo yapata Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi; Kusi, ivumayo katikati ya mwaka, iliyarudisha. Bila zamu ya pepo hizo mbili, biashara iliyojenga misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo isingekuwapo.

Na itazamwe njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Kaole. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara na, hadi mwaka 1891, makao makuu ya utawala wa Wajerumani. Kaole iko upande wa kusini, mwendo wa kilomita 5 hivi, katika nchi ya minazi isiyo na mlima. Pana magofu ya misikiti miwili, mkubwa wao kwa umri ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya matumbawe na mabaki ya vyombo vya kaure vya Uchina. Mwanafunzi anayetoka Bagamoyo kwa baiskeli mwezi wa Julai hupambana na Kusi usoni, na arudipo huisikia ikimsukuma mgongoni. Katika safari ya kilomita 10 kwenda na kurudi amepata somo la ukinzani wa hewa, somo la majira na somo la historia, na yote matatu yamefundishwa na upepo mmoja.

Mahali pa namna hii si pamoja tu. Gedi, kusini ya Malindi, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, iko katika nchi tambarare isiyokuwa mbali na bahari. Kusini ya Unguja uko msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Njia fupi zilizotengwa, kila moja ikiunganisha shule, kijiji, soko na gofu, zingeweza kuanza katika sehemu kama hizo kabla ya kufikiriwa mambo makubwa zaidi.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni fedha. Yasemwa kwamba njia za baiskeli ni starehe ya nchi tajiri. Lakini majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito ulio juu ya ekseli. Ekseli ya motokaa yenye kilo 500 ni nzito mara 10 kuliko ya baiskeli yenye kilo 50. Kwa kanuni hiyo huiharibu barabara mara 10,000 zaidi. Njia ya baiskeli haihitaji lami nene. Yahitaji changarawe iliyoshindiliwa, upana wa meta mbili au tatu, na zaidi ya yote mifereji na makalvati, maana adui wake si uzito bali ni mvua za masika. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa mikono na zana za wilaya.

Pingamizi la pili ni pikipiki. Kila mtu ajua kwamba njia nzuri ikifunguliwa asubuhi, bodaboda watakuwa wamekwisha kuigundua kabla ya jioni. Pingamizi hili ni la kweli, na halijibiwi kwa kibao peke yake. Nguzo zilizopandwa mwanzoni mwa njia husaidia. Husaidia zaidi ikiwa halmashauri na wanakijiji wenyewe wameikubali njia kuwa ni yao na ya watoto wao. Pasipo makubaliano hayo nguzo hung'olewa.

Pingamizi la tatu ni jua. Mwendeshaji wa Uholanzi haoni joto la Februari la pwani. Jibu ni la kale. Wenyeji walipanda miembe kando ya njia kabla ya kuwapo idara yoyote ya barabara. Njia isiyo na kivuli itatumiwa alfajiri na jioni tu, kwa hiyo miti ihesabiwe kuwa sehemu ya ujenzi, si pambo la baadaye.

Pingamizi la nne hutoka kwa wahifadhi wa mambo ya kale, nalo ni la kuheshimiwa. Watu wengi wakifika karibu mno, kuta za matumbawe na chokaa huchakaa, na mikono yenye kudadisi huondoka na vigae. Njia na iishie nje ya eneo la gofu. Baiskeli ziegeshwe, na ndani waingie watu kwa miguu pamoja na mlinzi. Gofu linalojulikana na watoto wa kijiji lina walinzi wengi kuliko lile linalojulikana na wageni peke yao.

La Kufanya

Jambo hili halihitaji kungoja mpango wa taifa. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa historia katika shule moja wanaweza kukaa pamoja na ramani ya wilaya. Wanafunzi wakipime mwinuko wa njia kwa pipa la maji na mpira mwembamba unaoonyesha usawa. Wahesabu kwa saa moja magari, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu wanaopita mbele ya shule. Wapime kasi ya upepo asubuhi na alasiri kwa majira mawili ya mwaka. Kisha waandike ni njia gani ya kale, ya ng'ombe au ya mashamba, ingeweza kutengenezwa ili mtoto afike shuleni na pia kwenye gofu bila kukutana na lori. Taarifa hiyo ipelekwe kwenye halmashauri. Mhandisi wa wilaya, akiletewa takwimu badala ya malalamiko, atakuwa na kitu cha kukifanyia kazi.

Drais alipotoka Mannheim mwaka 1817 alihitaji vitu viwili tu ili chombo chake kionyeshe thamani yake: ardhi iliyo sawa na barabara isiyomzuia. Ardhi iliyo sawa, pwani inayo tangu kale. Barabara ndiyo iliyobaki, na watoto wanaopita pembeni mwa lami kila asubuhi wangali wanaingojea.